Mbavu Thelathini na Mbili

Dada yangu alikuwa mfagizi katika jumba la makumbusho kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyeshika makombe mengi kuliko yeye. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa nyuma wa jumba hilo, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota barabarani. Mengine niliyaona nikiwa nimempelekea chakula cha mchana, na mengine alinieleza mwenyewe jioni tukiwa jikoni, yeye anamenya viazi na mimi namkosoa anavyomenya.

Watu wakisikia makumbusho hufikiria vinyago, ngao na mafuvu ya vichwa. Huko mbele vilikuwepo. Dada alikuwa chini kabisa, upande wa nyuma, katika chumba ambacho mgeni hafiki. Makabati ya mbao yalianza sakafuni yakaishia darini, na kila kabati lilikuwa na droo nyembamba zisizohesabika. Ukivuta droo unakuta visanduku vya karatasi ngumu. Ndani ya kisanduku kuna pamba, juu ya pamba kuna kombe, gamba la mnyama wa baharini, na chini ya kombe kuna kijikaratasi. Chumba kizima kilinuka dawa ya nondo. Wenzake walilalamika juu ya harufu ile, lakini mimi niliipenda, na mpaka leo nikifungua sanduku la nguo lenye dawa hiyo namwona dada na koti lake la kazi la bluu, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko.

Kile kijikaratasi ndicho kilichokuwa roho ya chumba. Kiliandikwa kombe lilikookotwa, tarehe, aina yake, idadi ya mbavu zake, na jina la aliyehesabu. Na mle ndani kulikuwa na amri moja isiyovunjwa: kijikaratasi hakitupwi. Akija mtu mwingine baada ya miaka ishirini akaona mwenzake alikosea, anaandika chake na kukiweka juu, na kile cha zamani kinabaki palepale na jina la mwenyewe. Nilimwambia dada kwamba mimi nikikosea gauni nafumua, mshono unapotea na siri yangu nayo. Akaniambia ndiyo maana wewe ni fundi wa kumi mtaani. Nilinuna siku mbili.

Aliyesimamia chumba hicho alikuwa mzee mrefu, mkimya, ambaye watumishi walimwita Mzee Lenzi kwa sababu alivaa kioo cha kukuzia shingoni, kwenye kamba ya kiatu, hata akienda msibani. Mimi nilimfahamu kwa vifungo. Shati lake halikuwahi kutimiza vifungo vyote, na kila mwezi alikuja kibandani na kifungo mfukoni, wakati mwingine si cha shati lile.

Walivyoanza kufanya kazi pamoja ni hivi. Dada alikuwa na mwaka mmoja tu pale. Siku moja akifagia, mpini wa fagio ukagonga sinia la makombe lililoachwa ukingoni mwa meza, na makombe yote yakamwagika. Kombe lina pande mbili, na zote zilikuwa zimeachana, zimetapakaa sakafuni mpaka chini ya makabati. Dada akajua kazi imekwisha. Akajifungia, akapiga magoti, akaanza kuzioanisha moja moja. Mzee Lenzi aliporudi alikuta sinia liko mezani, kila upande na mwenzake. Akachukua moja akalifunga, likafunga. Akachukua jingine. Akayafunga yote, na hakuna hata moja lililoacha mwanya.

"Nani alikufundisha?" akamwuliza.

"Sikufundishwa, mzee. Upande haukubali kufunga na usio wake. Unajaribu mpaka unakubali."

Mtu mwingine angemwandikia barua ya onyo. Yule mzee alivuta kiti cha pili.

Alimfundisha kuanza na bawaba, pale pande mbili zinapoungana. Ukikuta meno madogo mengi yamejipanga mstari kama chanuo, hilo ni kombe damu, lipeleke droo ya kule. Kombe lenyewe lina meno machache, yenye nguvu. Kisha angalia mbavu, yaani ile mistari iliyoinuka kutoka kwenye kilele mpaka ukingoni: ni laini, zina vinundu, au zina magamba magamba? Halafu ndipo unahesabu. Alimfundisha kuhesabu kwa ukucha, amefumba macho, kwa sababu mbavu zinafanana, na jicho likichoka linaruka. Unaanza mbele ya kombe, unakwenda nyuma, ukucha unadondoka kila bonde. Ikitofautiana mbili tatu, kombe si lile ulilodhani.

Ugonjwa ule akauleta nyumbani. Alihesabu mikunjo ya bati la jirani. Alihesabu meno ya uma. Siku moja mteja wangu, mama mmoja mwenye maneno mengi, alikuja kuchukua sketi yake ya marinda, na dada aliyekuwa amekaa pembeni akapitisha ukucha kimya kimya, kisha akasema, "Kushoto limepungua moja." Nikamkana mbele ya mteja. Mteja akahesabu. Limepungua moja.

Miaka ikaenda, na macho ya Mzee Lenzi yakaanza kuingia ukungu. Daktari alimwambia yasingerudi. Hakumwambia mtu pale kazini isipokuwa dada yangu.

"Wakijua watanipa mkono wa kwaheri," alimwambia. "Naomba liishie hapa."

Likaishia pale, na kwangu, maana dada hakuweza kunificha jambo hata angelikunja mara saba. Tangu hapo yeye ndiye aliyehesabu, na mzee aliandika kwa mazoea ya mkono, herufi kubwa zilizoanza kupinda, na penye jina la aliyehesabu akaweka jina lake. Asubuhi dada alifagia kumbi za mbele na kupiga deki ngazi. Ikifika saa nne alining'iniza fagio nyuma ya mlango, akanawa mikono, akakaa kwenye kile kiti cha pili. Hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Mimi sikupenda.

"Anakula jasho lako," nikamwambia.

"Jasho langu liko kwenye ngazi. Hii ya makombe nafanya kwa raha zangu."

"Raha isiyo na jina lako."

"Wewe nawe. Umewahi kushona jina lako kwenye nguo ya mtu?"

Niseme wazi kwa kuwa wote wawili wameshatangulia. Dada yangu alimpenda yule mzee. Hakuna baya lililotendeka. Mzee alikuwa na mke wake na wajukuu wake, na dada, tangu mumewe afariki, hakutaka tena habari za mwanamume nyumbani kwake. Lakini nilimwona alivyokuwa anapiga pasi lile koti la bluu Jumapili jioni. Koti la kufagilia halipigwi pasi namna ile.

Katika miaka ile ndipo walipopata kombe lao. Yaliletwa makombe themanini kutoka ufuko mmoja wa mchanga na matope, yote meupe, yenye madoa ya rangi ya kutu. Madogo arobaini yalikuwa na mbavu thelathini na tano. Makubwa arobaini yalikuwa na thelathini na mbili. Dada akarudia kuyahesabu yote kwa siku nne, majibu yakawa yale yale. Mzee Lenzi akashindwa kukaa kitini. Akasema hizo ni aina mbili zinazoishi mchanga mmoja, na lile kubwa halimo katika kitabu chochote alichowahi kusoma. Akaandika kijitabu cha kurasa nane. Siku kilipotoka alivuka barabara, akaniletea nakala, akasimama anasubiri niifungue. Nilifungua. Sikuelewa neno, lakini nilimwambia ni kazi nzuri, naye akacheka kama mtu aliyepata mjukuu. Zilikuja barua mbili tatu kutoka makumbusho ya mbali. Basi. Hakupata cheo wala medali, ila tangu siku hiyo alitembea amenyooka, na shati likiwa na vifungo vyote.

Alistaafu, na baada ya miaka miwili akafariki. Mazishini dada alisimama nyuma na watumishi wenzake, macho makavu. Kesho yake alikwenda kazini kama kawaida. Nilijaribu kumgusia, akaniambia nisimchoshe.

Ikapita miaka tisa. Dada alibakiza miezi sita astaafu, ndipo akaja mtaalamu mpya. Alikuwa binti mdogo, mwenye adabu, anayemwita dada "mama" na kumpisha mlangoni. Alikuja na darubini ya mezani na taa yenye shingo inayopinda. Wiki ya kwanza dada alimsifia mpaka nikaona wivu. Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, nikamwona dada anavuka barabara na fagio mkononi. Katika miaka yote ile hakuwahi kutoka na fagio nje ya geti.

Akaingia, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Anasema mzee alighushi," akasema.

Nikazima cherehani. Akanieleza. Yule binti alikuwa amefungua droo ya makombe ya mzee. Yeye hahesabu kwa juu. Anageuza kombe, anaangalia kwa ndani ukingoni, maana kila ubavu huacha pengo lake pale ukingoni, kisha anayahesabu mapengo kwa sindano chini ya darubini. Yote themanini, makubwa kwa madogo, yalikuwa na thelathini na tano. Thelathini na mbili haikuwepo popote. Ilikuwa aina moja, wakubwa na watoto wao.

"Basi mzee alikosea. Watu hukosea," nikasema.

"Nilimwambia hivyo. Akasema mtu akikosea hukosea huku na huku, leo moja, kesho nne. Makombe arobaini hayawezi kupungua tatu tatu yote. Anasema tarakimu zilipikwa ili apate kombe jipya. Ataandika hivyo kwenye ripoti, na mkurugenzi amemwambia aandike. Wanakutana sasa hivi."

Na kwa kweli hoja ya yule binti ilikuwa nzito. Hata mimi niliiona.

"Nyamaza," nikamwambia. "Miezi sita tu. Ukisema ulikuwa unahesabu wewe, watauliza kwa nini mfagizi alishika mali ya makumbusho. Watakuondoa kwa aibu."

"Nilimwahidi nisiseme habari ya macho yake."

"Ndiyo hivyo. Umeahidi, nyamaza."

"Nikinyamaza anakuwa mwongo, na mke wake bado yupo hai. Nikisema, nimevunja ahadi." Alikuwa anachunachuna kitambaa cha gauni la mteja wangu na sikuthubutu kumzuia. "Halafu mimi nilihesabu sawa. Siku nne. Wallahi nilihesabu sawa."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Hakujua alikosea wapi. Angekwenda kusimama mbele ya wasomi aseme ni mimi, na wakimuuliza ilikuwaje, hana la kusema. Akasimama.

"Twende wote," akasema.

Nikaliacha gauni la watu na sindano ikiwa imezama kwenye kola.

Chumbani walikuwa watatu: mkurugenzi, yule binti mtaalamu, na karani wa kumbukumbu aliyekuwa ameshafungua daftari. Droo ilikuwa mezani chini ya taa. Dada hakukaa.

"Mzee hakuhesabu yale makombe," akasema. "Macho yake yalikuwa yameharibika. Nilihesabu mimi."

Mkurugenzi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akalitazama fagio.

"Wewe? Mfagizi?"

"Mimi. Miaka kumi na mmoja."

Yule binti akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Mama, najua mlifanya kazi pamoja muda mrefu. Unamtetea, na hata mimi ningekuwa wewe ningemtetea. Lakini hatuwezi kuandika kitu kama hicho kwa kusikia tu."

"Sasa usisikie. Nipe kombe."

Binti akasita. Kisha akatoa kombe moja kubwa, akaficha kijikaratasi chake kiganjani, akampa. Dada aliegemeza fagio ukutani. Akafuta mikono kwenye koti, akalishika kombe kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, na ukucha wa mkono wa kulia ukaanza kushuka na kupanda. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Nilikuwa sijamwona akifanya hivyo tangu mzee astaafu.

"Thelathini na mbili," akasema.

Binti akampa jingine. Thelathini na mbili. La tatu, thelathini na mbili. Akampa dogo bila kumwambia. Thelathini na tano. Akarudisha kubwa. Thelathini na mbili. Karani akaacha kuandika.

Binti akazunguka meza, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na mikono ya dada.

"Mama, usifumbue wala usisogeze kidole," akasema. Akachukua penseli, akachora mstari juu ya kombe, kuufuata ukingo wa kidole gumba cha kushoto. "Sasa toa."

Dada akatoa gumba. Nyuma ya mstari, mahali gumba lilipokuwa limekaa, kulikuwa na mbavu tatu nyembamba zilizobanana, ndogo kuliko zote. Kombe dogo alilishika kwa ncha za vidole, juu na chini, na ukucha ukapita kote. Kombe kubwa ni zito, linataka kushikwa kwa nguvu, na gumba lake likalala pale nyuma kila mara, kwa upana ule ule. Kosa hilo nalijua mimi. Kila fundi amewahi kupima kitambaa huku kidole kimefunika mwanzo wa futi, na vipande vyote vikatoka vimepungua sawasawa.

Dada aligusa ile mistari mitatu, mmoja mmoja.

"Kumbe mlikuwa hapa," akasema.

Binti akakaa. Alikuwa amebadilika uso. "Hakughushi," akamwambia mkurugenzi. "Aliandika alichoambiwa, na aliyemwambia alisema alichokihisi. Naomba ule ukurasa wa kughushi tuuondoe kwenye ripoti."

Mkurugenzi akauliza sasa waandike nini. Binti akasema wataandika ilivyokuwa. Akachukua kijikaratasi kipya: aina moja, mbavu thelathini na tano, hesabu ya awali ilifanywa na nani. Akamwuliza dada majina yake kamili. Dada akayataja yote matatu, polepole, kama yuko shuleni. Hakuna aliyemgusia tena habari ya kuondolewa.

Tulivuka barabara. Mimi nilikuwa na furaha, sifichi. Nilitaka kumwambia kwamba hatimaye jina lake limeingia droo ile na halitatoka, hata kama limeingia na kosa lake. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya utani. Akakaa kwenye kigoda.

"Nimemsafisha," akasema.

"Umemsafisha, dada. Si mwongo tena."

"Na nimemnyang'anya kombe lake."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Zile kurasa nane zilikuwa zimefutika asubuhi ile, na mkono uliozifuta ulikuwa ule ule uliompa cha kuandika. Maisha yake yote mzee alipata kitu kimoja kilichomfanya atembee amenyooka.

"Angekuwepo angecheka tu," nikasema.

"Asingecheka. Angesukuma sinia kwangu, aniambie, rudia yote themanini." Akatazama mikono yake. "Na ningerudia."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, koti limefunika uso, kilio cha msiba kabisa, miaka tisa baada ya watu kutoka makaburini. Mteja wangu wa saa sita alifika mlangoni kuulizia gauni lake. Nikamwambia arudi kesho, tumefiwa.